Tumbo la Ndege

Ndege yangu ya kwanza niliiyeyusha mwenyewe, barazani kwangu Chikongola, mchana kweupe, watu wakiona.

Ilikuwa ndege ya mfano, ya plastiki: Spitfire, ndege ya vita ya Waingereza, seti ya kampuni ya Airfix. Mgeni mmoja aliyekuja Mtwara na kazi za gesi alikuwa amepanga chumba cha uani kwetu, na siku anaondoka aliacha vitu visivyoingia kwenye begi: ndoo, pasi, chandarua, na kiboksi chenye picha ya ndege inayotema risasi juu ya mawingu. Ndani ya kiboksi mlikuwa na fremu za plastiki ya kijivu, vipande vimeshikizwa kwa vikonyo kama matunda machanga. Nilivikata kwa wembe, nikaviunga kwa supaglu, ile ya dukani inayogandisha vidole kabla ya kitu chenyewe. Rangi nikaenda kuomba kwa fundi anayepulizia magari. Akanipa kidogo kwenye kopo la maziwa, na thina akanimiminia kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Plastiki ya ndege hizi ni polistirini, na polistirini mbele ya thina ya magari ni kama chumvi mbele ya mvua. Nilipopitisha brashi mara ya tatu bawa la kushoto likaanza kung'aa, kisha likalegea, kisha likajikunja polepole kama kipande cha nguru kwenye mafuta ya moto. Mama mmoja jirani aliyekuwa akipita na ndoo kichwani alisimama akaniuliza napika nini.

Tangu siku ile nimeunda ndege 19. Zote za kijeshi, zote za zamani, na karibu zote kwa kipimo cha 1/72. Maana yake ni kwamba inchi moja ya mfano ni futi sita za ndege halisi. Mtu wa futi sita anakuwa mfupi kama kipingili cha juu cha kidole gumba. Spitfire halisi, mita 11.23 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, inakuwa sentimita 15.6. Unaweza kuilaza kwenye kiganja ukafunga safari. Vipo vipimo vikubwa zaidi, 1/48 na 1/32, lakini mimi ni karani wa ghala la korosho na nyumba yangu ina kabati moja.

Jina la kitu chenyewe lilinisumbua mwanzoni. Kifurushi changu cha kwanza cha kuagiza kilipofika, mtumishi aliyekuwa dirishani alisoma fomu niliyojaza, akatazama kiboksi, akasoma tena fomu. "Kiti cha ndege?" Nilikuwa nimeliandika neno lao la Kiingereza, kit, kwa tahajia yetu. Akanyanyua kile kiboksi kwa vidole viwili akakipima uzito. "Anakaa nani humu?" Tangu hapo nasema seti.

Vifaa vinavyouzwa ng'ambo kwa kazi hii vina bei ya kukatisha tamaa, na sehemu kubwa yake tunavyo hapa vikifanya kazi nyingine. Vibanio vya nguo vinashikilia mabawa gundi inapokauka. Waya wa shaba wa spika za masikioni zilizokufa, ule mwembamba kama nywele, ndio mabomba ya breki. Mrija wa wino wa kalamu ya Bic ni bomba la roketi. Kipande cha fremu ya plastiki ukikipasha juu ya mshumaa kikalainika, ukavuta pande zote mbili kwa mkono usiotetemeka, kinageuka uzi mwembamba kuliko uzi wa cherehani, na huo ndio waya wa redio. Siku mshumaa unaponishinda, naomba nyuzi mbili za nywele za kusukia kutoka saluni ya jirani. Wasusi wananijua. Wanauliza tu, "Leo rangi gani, mjomba?"

Msasa unastahili maneno yake peke yake. Watu wengi siku hizi wanadhani msasa ni karatasi. Msasa ni mti, majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka, na wazee waliyatumia kulainisha miti kabla karatasi haijafika madukani. Mimi natumia ya karatasi: namba 400 kuondoa mshono, 600 kufuta alama za 400, halafu 1000 na maji hadi plastiki iwe kama kucha. Aliyenifundisha kuitumia hajawahi kuunda ndege. Ni mchongaji wa Kimakonde anayechonga mpingo, jirani wa ghala letu, na siku nilipomwonyesha mshono wa kiwiliwili niliouona mimi umekwisha, hakuutazama hata kidogo. Alifumba macho akaupitishia kidole. "Upo," akasema. Akanirudishia. Nikasugua wiki nzima. Sasa nami nafumba macho.

Kisha kuna upepo. Kibomba changu cha kupulizia rangi kinahitaji upepo wa kutosha na usioyumba, kompresa inahitaji umeme, na umeme una hiari yake. Kwa hiyo natumia tairi la akiba. Fundi pancha wa njia panda ananijazia hadi liwe gumu kama jiwe, naliviringisha mpaka nyumbani, nachomeka mpira kwenye valvu, na napata upepo mtulivu usio na kelele. Tairi moja linatosha Spitfire. Sunderland, ile ndege boti kubwa ya Waingereza yenye injini nne na mabawa ya sentimita 48 kwa kipimo changu, ilinipeleka kwa fundi pancha mara tatu kwa mchana mmoja. Mara ya tatu aliacha kazi yake akanifuata nyumbani kuangalia ni gari gani hilo.

Msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi wa kumi, siundi chochote. Nashinda ghalani nahesabu magunia na usiku naota mizani. Naanza tena Februari. Katikati ya mwaka, mikorosho ikipuliziwa salfa, unga ule unanifuata kutoka shambani kwenye nyusi na kola ya shati. Niliwahi kupulizia rangi Catalina, ndege boti nyingine ya vita, jioni ya Jumapili kama hiyo, asubuhi nikaikuta ina vipele. Nikaipiga msasa nikaanza upya. Catalina hiyo hiyo ilinifundisha kazi nyingine ya chumvi: unapaka rangi ya fedha kwanza, unalowesha, unanyunyiza chumvi ya mawe, unapulizia rangi ya juu, ikikauka unaisugua chumvi itoke, na panapotoka chumvi panaonekana bati lililochubuka kwa maji ya bahari. Chumvi yenyewe nilichukua kwenye mabwawa ya huku huku. Skwadroni ya 259 ya Waingereza ilikuwa na Catalina zake Dar es Salaam wakati wa vita vya pili, na moja ya ndege zake ilishiriki kuizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini mwa Madagaska tarehe 20 Agosti 1943. Kwa hiyo chumvi ya Bahari ya Hindi kwenye mbavu za ndege ile niliona ni haki yake.

Hapo ndipo ninapoachana na maelekezo ya kwenye boksi. Kuunda seti kama ilivyo ni kazi ya siku nne. Kuiboresha ni kazi ya miezi. Unaitazama ndege ya plastiki, unatazama picha ya ndege halisi, na unaanza kuona uongo mdogo mdogo: kiti cha rubani kisicho na mkanda, mdomo wa bunduki usio na tundu, bawa lenye ukingo mnene kama mwiko. Mikanda naikata kwenye karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Tundu la bunduki natoboa kwa ncha ya sindano iliyopashwa moto.

Nina ugomvi mmoja na waundaji wenzangu, na sitauacha. Seti za zamani zina mistari ya mabati iliyovimba juu ya plastiki, mpya zina mistari iliyochimbwa, na wengi wanatumia usiku mzima na sindano kuifuta ya kuvimba wakachimba mipya. Piga hesabu. Mstari wa milimita 0.3 kwa kipimo cha 1/72 ni ufa wa zaidi ya sentimita mbili kwenye ndege halisi. Ndege yenye nyufa za kupenya kidole haitoki uwanjani. Mimi naisugua mistari ibaki kama kivuli, na anayetaka mifereji aende akalime.

Kwa miaka kadhaa ndege zangu zote zilikuwa za vita vya watu wengine. Maboksi huja na ugomvi wao: mawingu ya Kent, theluji ya Urusi, visiwa vya Pasifiki. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba anga la kusini nalo halikuwa tupu. Ndege boti za Short za shirika la Imperial Airways, ndugu wa kiraia wa ile Sunderland yangu, zilikuwa zikitua majini Lindi kuanzia mwaka 1937, kituo kati ya Dar es Salaam na Msumbiji kwenye njia ya Southampton hadi Durban. Na kabla ya hapo, Novemba 1917, Uwanda wa Makonde ulikuwa ukingojewa na chombo ambacho hakikufika: Zeppelin L59, ndege-puto kubwa ya Wajerumani iliyotoka Jamboli, Bulgaria, ikiwa na risasi na dawa za kikosi cha Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kilichokuwa kimebanwa huku kwetu. Ilivuka Misri, ikafika juu ya Sudan, ikaamriwa igeuze. Ilikaa hewani saa 95 bila kutua. Haikupangwa hata irudi. Ikifika ingechanwa, kitambaa chake kishonwe mahema na bendeji. Nilipiga hesabu ya kuiunda. Ilikuwa na urefu wa mita 226 na nusu. Kwa 1/72 ni mita 3 na sentimita 15, na mke wangu alisema itakuwa rahisi zaidi kuiunda nyumba upya kuizunguka.

Mke wangu ndiye aliyenirudisha Ruvuma. "Baba anazijua ndege za Wareno," aliniambia tukiwa tunakula. "Kuliko hivyo vitabu vyako."

Baba mkwe alizaliwa upande wa pili wa mto, uwanda wa Mueda. Vita vya FRELIMO vya kuwatoa Wareno vilipoanza Septemba 1964 alikuwa na miaka kama tisa, na mwaka uliofuata familia yake ilivuka Ruvuma usiku kwa mtumbwi, kama zilivyovuka familia nyingi za Kimakonde, kwenda kwa Wamakonde wenzao wa huku. Amekaa bondeni chini ya Newala tangu wakati huo. Ni mtu wa maneno machache, mkulima wa korosho na muhogo, kofia nyeupe ya kufuma haimtoki kichwani. Nilikuwa nimemwoa binti yake kwa miaka sita bila kuwahi kuzungumza naye jambo lisilokuwa mvua, bei au afya.

Nikaagiza seti ya Fiat G.91. Ni ndege ndogo ya jeti ya Kiitaliano, iliruka mara ya kwanza mwaka 1956, na Ureno ilinunua 40 za aina ya R/4 kutoka Ujerumani Magharibi, baadhi zikaja kupigana Msumbiji. Niliihangaikia kwelikweli. Seti ilikuwa ya aina nyingine, kwa hiyo nilifanya upya pua yenye madirisha ya kamera tatu, nikatoboa midomo ya bunduki zake nne, nikamfungia rubani mikanda. Mabawa ni sentimita 12 tu. Niliipaka, nikaipulizia vanishi, nikaifungasha kwenye boksi la viatu lililojaa sufi, tukapanda basi la Newala.

Nilimkuta chini ya mkorosho nyuma ya nyumba. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mkwe." Habari za Mtwara, za watoto, za mvua. Kisha nikafungua boksi nikampa ndege kwa mikono miwili, naye akaipokea kwa mikono miwili.

Hakuangalia chumba cha rubani. Hakuangalia pua. Jambo la kwanza alilofanya ni kuipindua.

Akaitazama hivyo kwa muda, magurudumu juu. Chini ya tumbo nilikuwa nimeacha alama mbili za mviringo za kiwandani, mshono haukupigwa msasa wa pili, na chini ya bawa la kulia palikuwa na alama ya kidole changu kwenye gundi. 

"Huku hujamaliza," akasema.

"Chini hapaonekani, baba."

"Hapaonekani na nani?"

Nilifungua mdomo nikaufunga. Kuku alipita katikati yetu. Yeye aliendelea kuishika ile ndege, tumbo juu, akapapasa mahali ambapo vishikizo vya mabomu vingetakiwa viwe vinne na mimi niliacha viwili vya seti.

"Juu yake mimi sikuwahi kupaona," akasema baadaye. "Hizi nilizisikia tayari niko huku, zinapita ng'ambo. Zilikuwa na haraka. Ile tuliyoikimbia ilikuwa na pangaboi. Polepole. Ilikuwa inalia kama mtu anapasua kaniki."

Akaniambia mengine siku ile, kidogo kidogo, akiwa anamenya muhogo. Kwamba mchana hawakuwasha moto, kwa sababu ya moshi. Kwamba mama yake aliwavua watoto kila kitu cheupe, hata vitambaa vya kichwani, akavichemsha pamoja na magome vigeuke rangi ya udongo, na kisichokubali rangi kilifukiwa. Kwamba mtoto akisikia sauti ile alifundishwa kulala kifudifudi, lakini yeye alikuwa akilala chali. Nilimuuliza kwa nini. "Nilitaka kuiona," akasema, kana kwamba swali langu lilikuwa la kitoto.

Nilirudi Mtwara nikiwa na aibu ya fundi. Nikazishusha ndege zangu zote kutoka kabatini nikazipindua moja moja mezani. Spitfire ya pili: tumbo limepakwa mara moja, brashi inaonekana. Catalina: chumvi yote juu, chini pasafi kama sahani. Sunderland hata namba za chini ya mabawa sikubandika. Ndege 18 zilizotazamwa na mtu aliyeko mawinguni, kama zilivyochorwa kwenye maboksi, na mimi ni mtoto wa mahali ambapo hakuna aliyewahi kuwa mawinguni. Wachoraji wa maboksi wanakaa juu kwa sababu wanaouziwa hupenda kujiona ni marubani. Nami nililipa, nikajiona.

Ndege yenye pangaboi inayolia kama kaniki inayopasuka haikuwa ngumu kuipata. Ni T-6, Waingereza waliiita Harvard, Wamarekani Texan. Ilitengenezwa kuwa ndege ya darasani; marubani wengi wa vita vya pili walijifunzia humo, na zaidi ya 15,000 zilitoka viwandani. Vita ilipokwisha nchi nyingi zilirithi. Wareno waliitundika mabomu madogo na roketi chini ya mabawa wakaileta Afrika, kwa sababu ni imara, ni rahisi kuitunza, na inaweza kuzunguka taratibu juu ya shamba la mtama kwa muda mrefu. Hata ile sauti ina sababu yake. Injini yake, Wasp ya Pratt & Whitney yenye silinda tisa na nguvu za farasi 600, imeungwa na pangaboi moja kwa moja bila gia. Pangaboi lina upana wa futi 9. Likizungushwa mara 2,250 kwa dakika, ncha zake zinakimbia karibu na mwendo wa sauti yenyewe, na hewa inachanika. Mzee alikuwa ameeleza fizikia ile kwa kitambaa kimoja.

Seti niliyopata ni ya kampuni ya Academy. Mabawa sentimita 18, plastiki nzuri, mistari ya kuchimbwa ambayo niliishughulikia kama nilivyosema. Safari hii niliianza kinyume. Niliiweka chali kwenye kitanda cha sponji ya godoro na juu yake sikugusa kwa mwezi mzima.

Tumbo la T-6 lina mambo mengi kuliko mgongo wake. Magurudumu hukunjwa kuelekea ndani, na yakishakunjwa hayafunikwi kabisa, kwa hiyo aliyeko chini anaona mipira miwili myeusi imelala kifuani mwa ndege kama macho. Mashimo yake kwenye seti yalikuwa na kina cha sahani ya chai. Niliyachimba kwa ncha ya kisu hadi plastiki ikawa nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga wa taa, nikayajengea kuta za plastiki ya kopo la mtindi, nikapitisha mabomba ya breki ya waya wa spika. Nilitengeneza na matairi yaliyobonyea kidogo kwa chini, kisha nikacheka peke yangu: ndege iko angani, matairi yatabonyezwa na nini? Nikayatoa.

Rangi ilikuwa ya fedha. Fundi yeyote wa pikipiki atakuambia rangi ya fedha haina siri. Mkwaruzo usiouona kwenye kijivu unapiga kelele kwenye fedha. Nilifumba macho kwa kidole kama nilivyofundishwa. Nikapulizia tairi moja na nusu.

Kisha mafuta. Injini za silinda za mduara huvuja, zote, na mafuta yanayovuja hufuata upepo kwenda mkiani. Nilichanganya rangi ya mafuta nyeusi na kahawia, nikazimua kwa tapentaini, nikadondosha tone moja nyuma ya injini na kulivuta kwa brashi kavu kama mtu anayefagia uwanja. Moshi wa bomba la ekzosi unatoka upande mmoja tu, wa kulia. Niliupaka kwa uangalifu mkubwa, masizi ya mkaa yaliyosagwa, safu juu ya safu, nikalala nikiwa nimeridhika. Asubuhi niliigeuza ndege nikakuta nimepaka kushoto. Ukishampindua mtu chali mkono wake wa kulia unahama upande, na mimi nilisahau kwamba ndege nayo hulala chali. Siku mbili za kufuta. Bomba lenyewe lilikuwa limebandikwa mahali pake muda wote, likinitazama.

Msalaba ndio ulionichukua muda mrefu kuliko yote. Alama ya ndege za Wareno ni msalaba mwekundu wa Shirika la Kristo kwenye duara jeupe, nao haukuwemo kwenye boksi. Duara nilipata kwa fundi viatu: alinitobolea teipu ya karatasi kwa kitoboleo chake cha mikanda, tundu safi la ukubwa wa kifungo cha shati, nikalibandika chini ya bawa nikapulizia nyeupe. Msalaba nikaukata kwa wembe kwenye dekali nyekundu, ile karatasi nyembamba ya alama za kubandika kwa maji, vipande vinne, nikavilaza kwa siki iliyozimuliwa ili vinywee kwenye mistari ya bati. Kazi ya saa tatu kwa kitu kisichozidi punje ya mbaazi.

Na mkono ulikuwa mzito. Msalaba ule ule ulikuja kwanza kwenye matanga. Vasco da Gama alipita pwani hii mwaka 1498, akarudi mwaka 1502 akaingia Kilwa akadai dhahabu kwa mizinga, na mwaka 1505 Francisco de Almeida akautwaa mji akajenga ngome. Watu wa Kilwa waliuona ukitokea baharini, ukiwa mkubwa kama nyumba. Miaka zaidi ya 450 baadaye mtoto amelala chali kwenye shamba Mueda anauona kutoka chini, mdogo, unazunguka. Mke wangu alinikuta nimeshika wembe bila kukata. "Usiupake vibaya kwa makusudi," akasema. "Baba atajua."

Nilimaliza mwezi wa tano, kabla ya salfa. Tukaenda sote safari hii, na mwanangu wa miaka saba. Basi liliposimama Newala tulitembea hadi Shimo la Mungu ili mtoto aone, pale ardhi inapokatika ghafla na bonde linafunguka mpaka Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji, kijani kikififia kuwa buluu. Mtoto alitaka kujua ndege za vita zilikuwa zinapita wapi. Nikamwonyesha kila mahali.

Baba mkwe aliipokea, akaipindua. Alikaa nayo. Alipitisha ukucha kwenye mashimo ya magurudumu, akanusa, sijui kwa nini alinusa, akaufuata mstari wa mafuta kutoka injini hadi mkiani. Kidole kilipofika kwenye msalaba kilisimama, kikaendelea.

"Moshi ulikuwa mwingi kuliko huu," akasema. 

"Nitaongeza, baba."

"Hapana. Acha."

Nilikuwa nimekuja na mshipi wa kuvulia na msumari, kwa nia ya kuitundika kwenye boriti, ionekane kutoka kwenye mkeka. Lakini alikuwa ameshamwita mjukuu wake. Akamwekea ndege mkononi, akamwonyesha namna ya kuishika kwa juu, vidole kwenye mgongo, tumbo lisizibwe. "Kimbia nayo," akamwambia. "Kutoka pale kwenye mkorosho, upite hapa juu yangu, mpaka kisimani." Kisha akajilaza kwenye mkeka, chali.

Mtoto akapita mbio, mkono umenyooshwa juu kadiri alivyoweza, akitoa mlio wa ndege anaoujua yeye, wa jeti za katuni.

"Chini zaidi," akasema babu yake.

Akarudi. Safari hii mkono ulikuwa usawa wa bega, na T-6 ilipita juu ya uso wa mzee kwa kimo cha kiti, fedha yake ikishika jua lililochuja kwenye majani.

"Chini zaidi. Na polepole."

Mara ya tatu nilikuwa namwangalia yeye, si ndege. Macho yalikuwa wazi. Kofia haikuwepo kichwani. Sikumwona alipoivua, ilikuwa imekunjwa chini ya paja lake, na mkono wake wa kushoto umeifunika.